Mkojo unanitoka nikibeba maji: je, ningoje nimalize kuzaa?

Swali: Habari daktari. Nina miaka 34 na watoto wawili. Naishi Kayole, ghorofa ya nne, na nauza mitumba Gikomba. Mtoto wa pili alizaliwa na kilo 4.1, nilisukuma kwa muda mrefu sana, nikashonwa. Sasa ana miaka miwili. Tangu wakati huo nikikohoa, nikicheka au nikibeba mtungi wa maji, mkojo unanitoka kidogo. Siku hizi limeongezeka jingine: nikifika mlangoni nikitafuta ufunguo, mkojo unanibana ghafla, na mara nyingine unanitoka kabla sijafika chooni. Kabla ya kupanda matatu lazima niende haja ndogo hata kama sihisi kitu, na siku za soko sinywi maji mpaka jioni. Nimenunua dawa za UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) kwa kemisti mara tatu. Zinanituliza siku mbili halafu hali inarudi. Mama yangu anasema ni mambo ya uzazi, kila mwanamke yuko hivyo. Rafiki yangu mmoja ananiambia nifanye mazoezi ya Kegel, mwingine ananiuzia lulu za kukaza uke. Bado nataka mtoto mmoja. Ningoje nimalize kuzaa ndipo nitibiwe, au kuna la kufanya sasa? Ni mimi, Mama Imani.

Jibu: Mama Imani, usingoje. Kinachoweza kungoja mpaka umalize kuzaa ni upasuaji, na huenda usiuhitaji kabisa. Haya mengine yote unaweza kuyaanza wiki hii, tena ukiwa hapo hapo Kayole. (Mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia ya wanawake, lakini nimezoea kuitwa hivyo.)

Mama yako yuko sahihi kwamba wanawake wengi wanavuja mkojo. Anapokosea ni kudhani kwamba kwa kuwa ni wengi, basi hakuna dawa. Wanawake wa rika lake walinyamaza kwa sababu hakuna aliyewauliza. Hata leo mama akipeleka mtoto kliniki kuchanjwa, mtoto atapimwa uzito, atachomwa sindano, na mama ataulizwa kuhusu kunyonyesha na uzazi wa mpango. Kama mkojo unamtoka, mara nyingi hapati nafasi ya kulisema.

Nikisoma barua yako naona shida mbili, si moja. Ya kwanza ni ile ya kukohoa, kucheka na kubeba: tumbo linasukuma kwa ghafla, na mlango wa kibofu haustahimili. Ya pili ni ile ya ufunguo: hakuna kilichosukuma, ila kibofu chenyewe kimejikaza bila ruhusa yako. Ni kawaida mwanamke mmoja kuwa nazo zote mbili. Nazitenganisha kwa sababu tiba zake hazifanani, na wewe kwa kujikinga na ile ya kwanza umekuwa ukiilisha ya pili.

Tuanze na misuli. Chini ya fupanyonga kuna misuli iliyotandazwa kama machela, kutoka mfupa wa kinena kwa mbele hadi kifandugu nyuma. Imebeba kibofu, tumbo la uzazi na utumbo wa mwisho, na katikati yake inapita njia ya mkojo, uke na njia ya haja kubwa. Tunaiita sakafu ya nyonga. Kazi yake ni kubeba, kufunga na kuachilia. Mwanamke ambaye hajapata shida akikohoa, misuli hii hukaza yenyewe nukta kidogo kabla ya kikohozi kutoka, mrija wa mkojo ukabanwa, wala hajui kama kuna kilichotokea.

Wakati wa kujifungua, sehemu ya misuli hiyo hunyooka zaidi ya mara tatu ya urefu wake. Mtoto wa kilo 4.1 na kusukuma kwa muda mrefu ni mzigo mkubwa: misuli huchanika au kuvutika, na mishipa ya fahamu inayoiamuru hukandamizwa. Sehemu kubwa ya hayo hujirekebisha katika miezi ya kwanza. Lakini mwanamke anayeendelea kuvuja miezi mitatu baada ya kujifungua ana uwezekano mkubwa wa kuendelea hivyo miaka mingi asipofanya kitu. Wewe una miaka miwili. Misuli yako bado ipo na inaweza kufunzwa, ila imedhoofika na pia inachelewa: kikohozi kinatangulia, yenyewe inafuata. Neno "kulegea" ndilo linalowauzia watu lulu, na halielezi hilo la kuchelewa.

Sasa ile ya ufunguo. Kibofu cha mtu mzima hubeba kati ya mililita 400 na 600, na kwa kawaida humwita mwenyewe kila baada ya saa tatu au nne. Kinachoamua wakati wa kwenda si kujaa kwake tu, bali pia mazoea na ubongo. Wewe umekizoesha kumwagwa kabla ya matatu, kabla ya kufungua kibanda, kabla ya kulala, kikiwa na robo tu. Baada ya miezi ya hivyo, kibofu huanza kupiga kelele kwenye robo. Tena kimejifunza alama: mlango wa nyumbani, ufunguo, sauti ya mfereji. Ukiviona, kinajikaza. Ubongo wako unaijua ratiba kuliko unavyodhani.

Naelewa kwa nini unafanya hivyo. Ukikwama Jogoo Road jioni, hakuna choo, na makanga hatakungoja. Vyoo vya kulipia mjini vipo, lakini sokoni kuacha bidhaa na kutafuta choo ni kuacha pesa. Siwezi kukwambia uishi kama mtu mwenye choo ofisini. Lakini kunyima mwili maji mpaka jioni kunakurudishia shida kwa mlango wa nyuma: mkojo mzito unachokoza kibofu, haja kubwa inakuwa ngumu, na maambukizi hupata nafasi.

Hapo ndipo linakuja suala la kemisti. Maambukizi ya njia ya mkojo huleta mwako wakati wa kukojoa, kwenda mara kwa mara kwa matone, maumivu chini ya kitovu, na wakati mwingine mkojo wenye damu au wingu. Wewe hukutaja mwako hata mara moja. Kukojoa mara kwa mara peke yake si UTI, na antibiotiki haimfundishi kibofu adabu. Pengine siku zile mbili za nafuu zilitokana na kwamba ulikunywa maji ya kutosha pamoja na dawa. Kabla hujanunua za nne, nenda kituo cha afya upimwe mkojo; kile kijiti kinachochovywa kinaonyesha dalili za maambukizi, damu na sukari. Kama yapo, omba mkojo uoteshwe maabara ili ijulikane dawa ipi inayafaa, kwa kuwa dawa zinazomezwa ovyo nusu dozi ndizo zinazotengeneza vijidudu sugu. Na kwa kuwa ulizaa mtoto wa zaidi ya kilo nne, omba na sukari ya damu ipimwe siku hiyo hiyo. Watoto wakubwa na kisukari cha mimba hufuatana, na kisukari kinakojoza.

Kabla ya zoezi lolote, niandikie shajara ya kibofu kwa siku tatu. Siku mbili za soko na moja ya nyumbani zinatosha. Tafuta jagi lenye alama za mililita ambalo halitarudi jikoni. Andika saa uliyokojoa, kiasi, ulichokunywa na kiasi chake, na ukivuja, ulikuwa unafanya nini. Sokoni usipoweza kupima, andika saa tu. Nikiona mililita 100 mara kumi na mbili kwa siku, nitajua kibofu kimezoea kukimbizwa. Nikiona mililita 400 mara sita na bado unavuja ukibeba, nitaelekeza nguvu zote kwenye misuli. Shajara ina faida nyingine: baada ya miezi mitatu utaiandika tena na utaona kwa macho kama kuna mabadiliko, maana mtu husahau alikotoka.

Sasa Kegel, ambalo ni jina la mtu. Arnold Kegel alikuwa daktari wa wanawake huko Marekani, na mwaka 1948 aliandika kuhusu kurudisha nguvu za misuli hii kwa mazoezi. Watu wamelikumbuka zoezi wakasahau jinsi alivyolifundisha. Alikuwa akikagua kwanza kwa kidole kama mwanamke anakaza misuli inayotakiwa, kisha akampa kifaa cha kupima nguvu ya mkazo ili aone mwenyewe. Alijua kwamba maelezo ya mdomo hayatoshi. Ni kweli hadi leo: karibu theluthi moja ya wanawake wakiambiwa tu "kaza", hukaza makalio, au mapaja, au hubana pumzi na kusukuma chini, yaani hufanya kinyume kabisa. Ndiyo maana rafiki yako anaweza kukupa ushauri mzuri na usikusaidie.

Jaribu hivi. Lala chali, magoti yameinuka, nyayo chini. Vuta pumzi, kisha unapoitoa, bana kana kwamba unazuia hewa isitoke nyuma mbele ya watu, halafu endeleza mbano huo kuja mbele kana kwamba unazuia mkojo. Unapaswa kuhisi kitu kinavutwa ndani na juu. Makalio yatulie, mapaja yatulie, pumzi iendelee. Kisha achilia kabisa, usikie kinashuka. Kama hujui kama umepatia, tumia kioo kidogo: eneo kati ya uke na njia ya haja kubwa linatakiwa kuingia ndani. Likitokeza nje, unasukuma. Acha, usiendelee, utaongeza shida. Unaweza pia kuingiza kidole safi ukeni na kuhisi kama kinabanwa na kuvutwa. Ni mwili wako, hakuna aibu.

Ukishaipata, anza na unachoweza. Kama mkazo unakufia baada ya sekunde tatu, basi kaza tatu, pumzika tatu au zaidi, rudia mara nane. Polepole panda hadi sekunde kumi. Ukimaliza hizo ndefu, fanya nane za haraka: kaza, achilia, kaza, achilia. Hiyo ni awamu moja. Fanya tatu kwa siku. Wiki za kwanza ukiwa umelala, kisha umekaa, kisha umesimama, kwa sababu kibofu chako hakivuji ukiwa umelala. Zifunge kwenye jambo ambalo huliachi: kunyonyesha, kupanga bidhaa asubuhi, matatu ikiwa imekwama. Wala usizifanye ukiwa unakojoa. Kukatiza mkojo katikati kila mara ni mtindo unaoenezwa sana na haufai, unavuruga kibofu kumaliza kazi yake.

Itachukua muda gani? Usihukumu kabla ya miezi mitatu. Misuli hii hukua taratibu kama misuli mingine yoyote, na wengi huona tofauti ndogo kati ya wiki ya sita na ya nane. Kuhusu kama inafaa, huo si ushabiki wangu. Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopitia majaribio ya tiba, yaliyokusanya majaribio kutoka nchi mbalimbali, yalikuta kwamba kati ya wanawake wanaovuja kwa kukohoa na kubeba, waliofanya mazoezi haya asilimia 56 walisema wamepona, na ambao hawakupewa tiba ni asilimia 6. Sijui vidonge vingi vya kujivunia tofauti kama hiyo.

Lakini nguvu bila wakati haitakusaidia kwenye ngazi, na hili ndilo ningependa ulishike kuliko yote. Kabla ya kukohoa, kupiga chafya au kunyanyua, kaza kwanza. Kaza, shikilia, kohoa, achilia. Mwanzoni utasahau mara tisa kati ya kumi. Endelea, baada ya wiki kadhaa mwili unaanza kufanya wenyewe, na kwa baadhi ya wanawake mkojo hupungua hata kabla misuli haijapata nguvu. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20 kabla ya kuhesabu plastiki yenyewe, na wewe unaupandisha ghorofa nne. Usiunyanyue ukiwa umebana pumzi. Usogeze karibu na mwili, piga magoti kidogo, kaza, toa pumzi, ndipo unyanyue. Kama unaweza, nunua mitungi miwili ya lita kumi, mmoja kila mkono. Na baba Imani akiwepo, maji ni yake. Hilo liandike kama agizo la mtaalamu.

Kwa ile ya mlangoni, dawa ni kutokimbia. Kibofu kinapojikaza, hamu huja kama wimbi: hupanda, hufika kilele, hushuka. Wewe unakimbia kikiwa kwenye kilele, na ndipo kinapomwagika. Ikikushika, simama. Kaa kama kuna pa kukaa, au egemea ukuta. Kaza misuli haraka haraka mara tano au sita, bila kubana pumzi. Peleka akili kwingine. Hesabu kurudi nyuma kutoka mia kwa saba saba, au piga hesabu ya mauzo ya leo. Hamu ikishuka, ndipo utembee chooni polepole. Mlangoni hasa, toa ufunguo ukiwa bado chini kwenye ngazi, kaza kabla ya kuutia kwenye kitasa, kisha ingia na ufanye jambo jingine dogo kabla ya choo, hata kuvua viatu. Unakiachisha kibofu ule uhusiano wake na kitasa.

Sambamba na hilo, ongeza muda kati ya safari moja na nyingine. Kama shajara inaonyesha unaenda kila saa moja, wiki hii lenga saa moja na robo, ijayo saa moja na nusu, mpaka ufike saa tatu. Ipe angalau wiki sita. Ile ya kabla ya matatu iache mwisho, kwa sababu ndiyo inayokuogopesha. Anza kwa kuondoa zile za nyumbani zisizo na sababu, na siku za mwanzo vaa pedi ili woga usikuharibie zoezi. Pedi za hedhi hazikutengenezwa kunyonya mkojo, unabaki na unyevu na vipele. Ziko za mkojo zenyewe kwenye maduka ya dawa makubwa, na kama bei ni kikwazo, vitambaa vya pamba vinavyofuliwa na kuanikwa juani vinafaa.

Vinywaji: lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, umezisambaza, ukipunguza saa mbili au tatu kabla ya kulala. Siku za soko kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi badala ya kujaza jagi zima usiku. Kuhusu chai, najua nagusa pabaya. Kafeini inachokoza kibofu kwa watu wengi, na chai yetu ya maziwa iliyochemshwa mpaka ikawa rangi ya udongo inayo ya kutosha. Kama unakunywa vikombe vinne, shuka hadi kimoja au viwili, polepole, la sivyo kichwa kitakuuma. Soda, hasa ile nyeusi, na vinywaji vya kuongeza nguvu viondoe kwanza.

Halafu choo. Wanawake wa mjini hawakai kwenye choo cha umma. Wanachuchumaa hewani juu yake, mapaja yanatetemeka, mkoba mdomoni. Katika mkao huo misuli ya nyonga haiachilii, mkojo hutoka vibaya na mwingine hubaki. Futa kiti, tandaza karatasi, kaa. Choo cha shimo cha kuchuchumaa kabisa hakina shida hiyo. Usisukume mkojo utoke upesi hata kama kuna foleni nje. Haja kubwa ngumu ni adui mwingine, kwa sababu kila unapojikamua unabonyeza sakafu ile ile tunayojenga. Sukuma, maharagwe, papai, maji, na kigoda chini ya miguu ukiwa kwenye choo cha kukaa.

Kama una kikohozi kisichoisha, kitafutiwe chanzo. Moshi wa jiko ndani ya chumba kimoja ni sababu tosha. Na kama uzito umeongezeka tangu uzazi, kupungua asilimia 5 hadi 10 ya uzito wako hupunguza mkojo kuvuja, ingawa sikukuona ukiulalamikia wala simtumii mtu uzito kama fimbo.

Lulu za kukaza, kufukiza uke kwa mvuke, shabu: achana navyo vyote. Shabu hukausha na kukunjisha ngozi ya uke, ukahisi umebanwa kwa muda, kumbe umepoteza unyevu unaokulinda na umefungua njia ya michubuko na maambukizi. Lulu hukaa ndani siku kadhaa zikichokoza uke, na kile kinachotoka baadaye ambacho muuzaji anakiita uchafu ni uke unaolalamika. Hakuna kati ya hivyo kinachofika kwenye misuli. Rudishiwa pesa zako kama bado hujazitumia.

Nije kwenye yale yanayobadilisha kabisa ushauri huu. Kama mkojo ungekuwa unatiririka mchana na usiku bila kukoma, hasa kwa mwanamke aliyeshikwa na uchungu siku nzima au zaidi, ningeshuku fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Mazoezi hayazibi tundu. Ni upasuaji, na kwetu Kenya unafanyika: Hospitali ya Taifa ya Kenyatta huandaa kambi za upasuaji wa fistula, na Eldoret kuna hospitali ya Gynocare inayoshughulika na akina mama hao. Kama kuna mwanamke kijijini kwenu aliyejificha kwa sababu hiyo, mpe habari hizi.

Kama unahisi kitu kizito kinashuka, au kama kuna uvimbe ukeni unaoonekana jioni baada ya kusimama, huenda kibofu au tumbo la uzazi limeshuka. Mazoezi yanasaidia walio katika hatua za mwanzo, na wengine huwekewa pesari, kipete laini cha silikoni kinachoshikilia viungo mahali pake na ambacho unaweza kujifunza kukitoa mwenyewe. Damu kwenye mkojo, homa na maumivu ya mgongo ubavuni, au kushindwa kabisa kukojoa: nenda hospitali siku hiyo. Ganzi ya ghafla kati ya mapaja pamoja na miguu kukosa nguvu ni dharura, usingoje asubuhi. Na ukipata maumivu wakati wa tendo la ndoa au mkojo kuanza kwa shida, usikaze kwanza, kwani kuna wanawake ambao misuli yao imebana kupita kiasi na wanahitaji kufundishwa kuachilia.

Mama yako naye, kama anavuja, hajachelewa. Baada ya hedhi kukoma homoni ya estrojeni hupungua, ngozi ya uke na ya mrija wa mkojo inakuwa nyembamba na kavu, na krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni inayoandikwa na daktari huwasaidia wengi. Muulize pia kama anameza dawa za presha. Zipo zinazoongeza mkojo na zipo, kama enalapril, zinazoleta kikohozi kikavu. Asiziache; amwambie daktari ambadilishie au ampangie saa.

Kuhusu mtoto wa tatu: mazoezi haya hayazuii mimba wala hayaleti shida ya kujifungua. Wanawake wanaoyafanya tangu mwanzo wa mimba kabla hawajaanza kuvuja hupungukiwa na shida hii mwishoni mwa ujauzito na baada ya kujifungua, kwa hiyo kila mwezi unaotangulia ni faida. Usiombe upasuaji wa kujifungua kwa ajili ya mkojo peke yake. Unapunguza hatari lakini hauiondoi, maana ujauzito wenyewe unalemea nyonga. Hilo la uzito wa mtoto na mshono ulioupata lizungumzwe mapema na daktari wako kliniki.

Dawa za kutuliza kibofu zipo kwa ile shida ya pili: oksibutinini, tolterodini, solifenasini. Hukausha mdomo na kufunga choo. Mirabegroni ni ya aina nyingine, na presha lazima iangaliwe. Kwa kuwa unapanga mimba, liseme hilo kabla hujaandikiwa yoyote, na kwa maoni yangu zingoje mpaka wiki zako sita za kufundisha kibofu ziishe. Upasuaji wa kuweka utepe chini ya mrija wa mkojo husaidia wanaovuja kwa kukohoa, lakini kwa kawaida tunauacha mpaka mwanamke amalize kuzaa. Siku moja ukipendekezewa, uliza kama utepe ni wa plastiki au ni wa tishu ya mwili wako. Uingereza ilisimamisha matumizi ya ule wa plastiki mwezi Julai 2018 baada ya wanawake wengi kulalamika maumivu ya kudumu. Wengine walioupata wako salama kabisa, ila una haki ya kuuliza daktari amefanya wangapi na matokeo yao yalikuwaje.

Pa kwenda: uliza idara ya fiziotherapia katika hospitali ya umma iliyo karibu nawe, kwa upande wako Mama Lucy Kibaki si mbali. Sema wazi kwamba unatafuta anayeshughulikia sakafu ya nyonga, kwa sababu si wote waliosomea hilo, na hakikisha amesajiliwa na Baraza la Fiziotherapia la Kenya. Uliza mapema SHA, bima ya afya ya serikali, inalipia nini na nini utatoa mfukoni. Siku ya kwanza utaulizwa maswali mengi, huenda ukaombwa ukohoe ukiwa umesimama, na kama utakubali utakaguliwa kwa kidole chenye glavu ili ijulikane misuli inakaza kiasi gani na kwa sekunde ngapi. Unaweza kukataa, unaweza kuingia na dada yako, na unaweza kusema basi katikati. Ukiwa na hedhi, panga siku nyingine. Vaa sketi au funga leso, beba shajara yako ya siku tatu na orodha ya dawa zote ulizonunua kwa kemisti pamoja na tarehe, na usikojoe kabla ya kuingia, watataka sampuli.